Vidole Vitano

Jana usiku binti yangu alinisogezea fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. "Mama, weka sahihi hapa, pa mzazi au mlezi." Kalamu nikaishika, nikabaki nayo hewani. Babu yangu akanijia akilini.

Mwaka alipotupeleka Unguja nilikuwa kiranja wa darasa la sita, na siambiliki. Hata kwenye boti ya Unguja niliwapanga foleni wadogo zangu kwa kimo. Babu alinitazama tu. Yeye alisoma Minaki, chuo cha Mtakatifu Andrea kilipohamia kutoka Kiungani, Unguja, miaka ya 1920, na alivyokuwa akiitaja Kiungani ungedhani kitovu chake kilizikwa huko.

Tulilala wapi, tulikula nini (urojo, bila shaka), nimesahau. Ninachokumbuka ni ndani ya kanisa kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Mbele ya altare pana duara la marumaru; wanasema ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nilikuwa nimelikanyaga. Babu hakunikemea. Alinivuta pembeni, akanishika mkono wa kushoto, akaanza kunikunja vidole kimoja kimoja kuanzia cha mwisho, kwa lile dole gumba lake lenye ukucha mweusi uliopigwa na jembe.

"Mwaka 1864," akasema, "Seyyid Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni hapa Unguja. Haya, kiranja, nani aliwatilia sahihi?"

"Sultani," nikajibu upesi. Kiranja hakosi jibu.

Kimya. Ngumi yangu ilikuwa ndani ya kiganja chake, kina jasho, kinakwaruza. Halafu akanyanyua kidole kimoja, cha shahada.

"Huyu John Swedi. Mwaka 1879 akawa shemasi."

"Na hawa wengine?"

Akaniachia mkono. Akachukua kofia yake kwenye benchi, akatoka.

Njiani alinimiminia mengine: vijana wa Kiungani walivyopanga herufi za chapa kwa mikono yao, gazeti lao la Msimulizi likatoka 1888; Cecil Majaliwa, naye wa huko huko, akapewa upadri 1890. Sikuyashika vizuri. Nilikuwa nawaza, wakiwa watano tu, kiranja wao alikuwa nani, na alipangaje foleni.

Ningependa kuwaambia nilirudi shuleni nimepoa. Wapi! Wiki ile ile nilimpelekea mwalimu orodha ya wapiga kelele, majina 17, kwa mwandiko wa kupendeza.

Sahihi nimeshaweka. Binti anauliza mbona mkono wa kushoto nimeukunja ngumi.