Mama amezaliwa Ulaya, nikampeleka Mikumi

Mama yangu amezaliwa Ulaya. Msianze kuniomba viza: ni kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1964 yeye alikuwa mtoto wa kutumwa shambani kufukuza ndege, na tembo anaowajua ni wale wa kuingia kwenye mahindi usiku bila kupiga hodi. Kwa hiyo nilipomwambia nataka kumpeleka mbugani akatalii, alinitazama kana kwamba nimesema nampeleka Segerea akawaangalie wafungwa.

"Yaani mwizi wangu mwenyewe, halafu nimlipie kiingilio?"

Huyo ndiye mtu niliyekuwa na kazi ya kumshawishi. Nilimaliza mwaka mzima. Na katika mwaka huo kila niliyemgusa alikuwa na ushauri, wa bure na wa hovyo. Mmoja: mbuga ni za Wazungu, bila milioni usisogee. Mwingine: Mikumi unapoteza hela, wanyama wako barabarani, panda basi la Iringa ukae dirishani. Wa tatu, tunayefanya naye kazi na ambaye hadi leo sijamsamehe sawasawa, alikuja na ya IST, kale kagari kadogo ka Toyota: "IST inaingia kila mahali, kaka, wewe usiogope."

Ya basi niliijaribu kwanza kwa sababu nilikuwa na msiba Iringa. Ni kweli barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, kilomita hamsini hivi. Na ni kweli utaona wanyama. Nilichoona mimi ni swala wengi, nyani waliokaa pembeni wakisubiri maganda ya ndizi (msiwatupie, mnawaharibu na wanaishia kugongwa), na makalio ya pundamilia mmoja. Kile nilichokikumbuka zaidi ni kibao chenye orodha ya faini za kugonga wanyama, kwa dola, kila mnyama na bei yake. Nilipiga hesabu: twiga mmoja ana thamani kuliko magari yote ya ukoo wetu. Kisha jirani yangu akavuta pazia maana jua lilikuwa linampiga usoni, na utalii wangu ukaishia hapo.

Sasa ya IST.

Ilikuwa Aprili, masika. Mtu mwenye akili akisikia Aprili na Morogoro anajua kinachofuata. Nilikuwa na mke wangu, gari la shemeji, chapati kumi na mbili na ujasiri wa kuazima kama gari lenyewe. Mama hatukumchukua, nilisema kwanza nikapeleleze njia. Askari wa getini alinisalimia vizuri, akainama kidogo kutazama tumbo la gari, akaniambia, "Kaka, leo usitoke kwenye barabara ya changarawe." Nikamwitikia. Dakika arobaini baadaye nikamwona twiga amesimama upande wa pili wa Mbuga ya Mkata, ule uwanda wa nyasi ndani ya hifadhi, mzuri, shingo yote ikionekana, na kanjia kadogo kanaelekea kulekule.

Udongo wa Mkata ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu. Ukilowa ni ule mweusi wa kunata, unaokamata tairi taratibu kama ugali unavyokamata mwiko. Sikusikia hata kishindo. Gari liliketi tu. Nikakanyaga mafuta, likaketi vizuri zaidi. Nikarudi nyuma, likachimba. Twiga akageuka akaondoka zake.

Sheria ya kwanza mle ndani ni kutoshuka kwenye gari ovyo, na mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kwenda. Tulikaa saa tatu. Nyasi za Aprili ni ndefu, simba akilala humo humwoni hata akiwa hatua tano, na mke wangu alinikumbusha jambo hilo kila baada ya muda mfupi. Mgeni pekee aliyetutembelea alikuwa ngiri. Alikuja hadi karibu na boneti, akapiga magoti ya mbele kama wanavyofanya wakila, akaanza kutafuna majani hapo hapo, kimya, kichwa chini.

"Afadhali huyu," mke wangu akasema, "anatuombea."

Waliotutoa ni watalii waliokuwa kwenye Land Cruiser. Dereva wao alizunguka kwanza na kuangalia pande zote, ndipo akaniambia nishuke nifunge kamba. Nilizama hadi magotini. Wakati ninahangaika na ile ndoano chini ya bampa nikasikia milio ya kamera juu ya kichwa changu, mingi kuliko aliyopigiwa yule twiga. Mahali fulani huko Ujerumani kuna albamu ya familia yenye tembo, viboko, na mimi nimeshika viatu mkononi. Bampa lilirudi Dar likiwa ndani ya buti. Fundi alichukua laki na kitu, na undugu na shemeji umelegea mpaka leo.

Mara ya pili nikangoja Septemba. Kiangazi, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba, nyasi zimelala, maji yamebaki sehemu chache na wanyama wanayafuata. Mama alikubali kwa sababu moja tu: treni. SGR, ile reli mpya ya umeme, ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, Juni 2024, majirani wote wa kwetu Tabata walipanda wakasimulia, yeye akabaki anasikiliza. Nikamwambia tunapanda treni mpaka Morogoro, huko mbele tutaona. Sikumdanganya. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa elfu kumi na tatu, na hatukufikisha saa mbili njiani. Mama alikaa wima safari nzima, mkoba mapajani, kama yuko kwenye picha ya ndoa. Kutoka kituo cha treni hadi Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, ni mbali, msije mkadhani mtatembea. Msamvu tukachukua basi la kwenda Mikumi, na mama, aliyekuwa macho kwa ajili ya treni, akalala. Tulipoingia hifadhini twiga wawili walikuwa wanavuka barabara, basi likasimama kabisa, abiria wote wakainuka na simu zao. Mama alikoroma.

Sasa hapa nisikilizeni, maana ndipo nilipookoa hela. Mikumi mjini ni mji wa malori na gesti, umbali kidogo ukishapita geti la hifadhi, kwa hiyo basi linakupitisha getini halafu linakushusha mbele. Usikodi gari mapokezi ya gesti. Niliuliza pale, nikatajiwa bei nikajifanya simu inaita. Nikajiuliza: hawa madereva wa gari za utalii jioni wanakula wapi? Haiwezi kuwa kule kwenye nyumba za wageni wao, bia moja ni mshahara wa siku. Nikazunguka magari ya wazi yalipopaki, nikafuata harufu, nikamkuta mama ntilie karibu na stendi, benchi zimejaa. Nikaagiza ugali na dagaa, nikakaa, sikuuliza kitu. Nilikula taratibu kuliko nilivyowahi kula maishani. Nilipofika tonge la kumi hivi nikasema, kama ninaongea na dagaa, kwamba nina mama yangu mtu mzima, natafuta gari kesho alfajiri. Dereva mmoja akauliza, "Mko wangapi?" Wawili. Akatikisa kichwa. Lakini benchi la nyuma kulikuwa na walimu watatu waliotoka Ifakara, nao tangu mchana wanachanga na hela haitoshi. Tukawa watano. Gari la nusu siku pamoja na mafuta lilikuja kama laki mbili na nusu, nimesahau kamili, mkigawana haina maumivu. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko kuku wa kienyeji, na cha gari ni juu yenu, kwa hiyo ulizeni mapema kama dereva amekijumlisha.

Getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hela mkononi hawapokei, unapewa kontro namba unalipa kwa simu, hivyo weka salio usiku. Na bei ya raia inataka kitambulisho. Mama alifungua pindo la kanga, akatoa kadi ya NIDA imekunjwa kwenye leso, safi kama imetoka kiwandani jana. Mimi, mratibu wa msafara, kadi yangu ilikuwa Tabata.

"Mwandikeni Mzungu," mama akawaambia maaskari. "Alipe dola."

Walicheka sana. Leseni ya udereva ikaniokoa.

Kosa la pili lilikuwa trakisuti yangu. Bluu iliyokolea, mpya, nilinunua maalumu kwa safari. Tulipoingia kwenye msitu wa miyombo mbung'o wakaacha wenzangu wote wakaja kwangu. Mbung'o akikuuma unajua umeumwa, si mbu huyu wa kubembeleza, na anauma hata juu ya nguo. Dereva akanitazama kwenye kioo: "Kaka, umevaa mtego." Kumbe mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, hizo ndizo rangi wanazozipenda. Akasimamisha gari, akachukua kopo lenye mavi makavu ya tembo, akaliwasha, akalining'iniza nyuma likafuka moshi. Walimu wakashangaa. Mama hakushangaa: "Sisi tulifukuzia mbu hivyo hivyo." Kisha akanipa kanga yake ya akiba. Nilitalii Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 3,230, nikiwa nimejifunika kanga ya njano iliyoandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone.

Mkata asubuhi ile sikuitambua. Ardhi iliyonimeza Aprili ilikuwa imepasuka nyufa, ukungu umekaa chini, jua linatokea nyuma ya milima ya Uluguru, na nyumbu na pundamilia wamechanganyika mpaka mwisho wa macho. Pofu nilidhani ni ng'ombe wa mtu. Kwenye Bwawa la Viboko, si mbali na geti, viboko wamebanana kama abiria wa Mbagala, na mamba mmoja kalala ukingoni, mdomo wazi. Simba tuliwapata karibu saa tatu, watatu, mmoja juu ya kichuguu. Walimu walikuwa wananong'ona. Mama akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba huyo wa juu ni mvivu, ana sura ya mjomba wangu mmoja nisiyemtaja.

Lakini ni tembo nilitaka amwone, na tembo alichelewa. Tulikuwa tumegeuza kurudi ndipo dereva akazima injini ghafla. Jike na mtoto wake, pembeni kabisa, karibu kiasi kwamba nilisikia majani yakikatika. Alikuwa anazungushia mkonga fungu la nyasi, anang'oa na mizizi yake, halafu halipeleki mdomoni. Analipiga kwenye mguu wa mbele. Pu, pu. Udongo unadondoka. Analigeuza, analipiga tena upande wa pili, ndipo anakula. Mtoto naye akajaribu, mkonga ukamponyoka, akabaki anajipiga mguuni bila kitu.

Mama alisogea hadi ukingo wa kiti. Alikaa kimya muda mrefu, na mama yangu kukaa kimya ni tukio.

"Kumbe anapangusa," akasema mwishowe. Kisha, baada ya muda: "Mahindi yetu hakuyapangusa."

Lakini alikataa tuondoke. Walimu walikuwa na basi la kuwahi, dereva ana saa zake, na mama amekamata chuma cha kiti, anasema mwacheni mtoto amalize kula. Tulilipa kidogo juu kwa ajili ya muda uliozidi. Nililipa mimi.

Picha nilizopiga zote zina kidole changu au moshi wa kopo. Mama hakupiga hata moja. Tulirudi Dar Jumatatu, na Jumanne nikamsikia uani anawasimulia majirani. Simba walikuwa watano. Jumapili, baada ya ibada, walikuwa saba na mmoja alinguruma. Nikaingilia kati, nikasema mama, walikuwa watatu na walikuwa wamelala.

"Wewe," akaniambia mbele ya watu, "ulikuwa umejifunika kanga. Ungewaonea wapi?"