Tailizi za ukutani jikoni, kazi yote iko kwenye ukuta

Kila mtu akiingia jikoni kwangu siku hizi anauliza tailizi nimenunua wapi na boksi shilingi ngapi, hakuna hata mmoja aliyeuliza ukuta ulikuwaje kabla. Na mi naona kununua ndio sehemu rahisi kuliko zote, unaenda Kariakoo unachagua, na siku hizi nyingi zinatengenezwa hapahapa, viwanda viko Mkuranga na Chalinze kwahiyo huna haja ya kusubiri kontena la mtu. Cha kuangalia pale dukani ni kimoja tu, namba ya shedi iliyopigwa pembeni ya boksi, maboksi yako yote yawe na namba ileile, manake tailizi za jina moja zilizochomwa siku tofauti zinapishana rangi kidogo na dukani chini ya taa huoni, utakuja kuona ukutani asubuhi jua likiingia.

Haya sasa ukuta. Jiko letu lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, kama nyumba nyingi tu huku Dar, ili ukifuta mafuta yatoke. Sasa kitu kilichopakwa ili uchafu usishike, gundi nayo itashikaje? Ukikandika tailizi juu ya rangi ya mafuta inakaa vizuri kabisa mwezi wa kwanza, unapiga picha unaweka status, ila iliyoshika pale ni rangi sio ukuta, siku rangi ikichoka kwa mvuke na joto la jiko inaachia na tailizi yake. Fundi wangu (kijana mzuri, anajua kazi) aliangalia akasema dada hii inashika tu, nishafanya nyumba nyingi hivihivi. Nikamwambia sawa mdogo wangu, ila hii tunapiga tindo.

Basi akapiga tindo. Kwanza tulisugua ukuta wote kwa maji ya moto na sabuni ya unga, maana pale nyuma ya jiko kulikuwa na utando wa mafuta ya samaki, ukipitisha kidole unaacha mstari. Ukakauka. Afu tindo na nyundo, sio kubomoa plasta, ni kudonoadonoa ukuta mzima vishimo vidogovidogo vya karibukaribu mpaka ule mng'ao uishe. Sehemu nyingine rangi ilikuwa inatoka yenyewe kama ganda, na karibu na sinki ukigonga plasta ilikuwa inalia, yaani iko wazi kwa ndani, hiyo ikabanduliwa yote ikapigwa upya na kuachwa ikauke kabisa. Vumbi lake jamani, toa kila kitu jikoni, toa na mtungi wa gesi, mimi nilikuwa napikia kibarazani.

Kabla ya kusogea mbele akaweka rula ndefu ya alumini ukutani, juu, chini, na mshazari, na ndio tukaona ukuta una tumbo pale katikati. Tumbo dogo halikusumbui ukiwa na rangi, lakini tailizi ni kitu kilichonyooka, ya sentimita 30 kwa 60 ikikaa juu ya tumbo inacheza, upande mmoja ukishika mwingine unainuka na zile kona zinapishana ukipitisha kiganja unazihisi. Likachongwa lile tumbo, na pembeni palipokuwa na bonde pakajazwa.

Kuhusu gundi na simenti najua watu watabishana. Mafundi wengi walijifunzia kwa simenti, wanaloweka tailizi kwenye ndoo ya maji kwanza ili isinyonye maji ya simenti, wanaweka donge katikati na manne kwenye kona wanabandika wanagonga. Inashika, sikatai, ila katikati ya madonge pana uwazi, na siku unataka kutoboa uweke kitundikio cha vijiko tailizi inapasuka hapohapo penye uwazi. Gundi ya mfuko unakoroga na maji, unaiacha dakika kama 5 mpaka 10, unakoroga tena, unaipaka ukutani kwa mwiko wenye meno halafu unabandika huku unasogezasogeza kidogo ile mistari ya meno ilale. Na ukitumia gundi usiloweke tailizi, hapa mafundi wanasahau kwa mazoea, ndoo ya maji inakuja yenyewe. Pia asipake ukuta wote kwa mpigo eti awahi, gundi ikipigwa na hewa inaota ngozi juu na ikishaota ngozi haishiki tena, apake eneo la tailizi mbili tatu abandike ndio aendelee.

(Kubandika vyombo vya udongo ukutani wala sio mambo ya juzi huku pwani. Nenda pale magofu ya Kunduchi uangalie nguzo za makaburi, mabakuli ya kutoka China yalipachikwa kwenye chokaa karne na karne huko nyuma, yaliyobanduliwa yameacha mashimo ya duara. Chokaa hiyo, na chumvi ya bahari iko hapo pembeni.)

Sasa mpangilio, na hapa ndio nilikaa jikoni na futi kamba mpaka fundi akaanza kucheka. Ukuta wangu una urefu wa mita 3.2 na kutoka kaunta mpaka chini ya makabati ni sentimita 58. Tailizi 30 kwa 60 zilizolazwa ni safu mbili. Mafundi wengi wanaanzia kona ya kushoto na tailizi nzima wanaenda wanaenda, kwahiyo kwangu zingeingia tano nzima afu kona ya kulia kinabaki kipande cha sentimita 20, kiko peke yake pale karibu na mlango unapoingilia, kila anayeingia anakiona. Ukichora mstari wa timazi katikati ya ukuta, ambao kwangu unapita katikati ya jiko la gesi, ukaanzia hapo kwenda kushoto na kulia, kila upande unapata tailizi mbili nzima na kipande cha 40 mwishoni, kona zote mbili zinafanana. Tailizi ni 11 ukianzia kona, maana vile vipande vya 20 unavikata kwenye tailizi moja, na 12 ukianzia katikati, tofauti ni moja tu! Boksi la size hiyo huwa lina 8, unanunua maboksi mawili, hutumii hata shilingi ya ziada. Ni kupima tu kabla gundi haijakorogwa.

Safu ya chini ndio inaamua kila kitu na usiifuate kaunta, ya kwangu ni ya zege na inashuka kidogo kuelekea sinki. Weka pimamaji, chora mstari, fuata mstari. Na acha mwanya wa milimita 3 kati ya kaunta na tailizi, usiikalishe tailizi moja kwa moja juu ya zege. Kwenye maungio wengi wanatumia vipande vya boksi lenyewe la tailizi walivyokunja au njiti za kiberiti, kuna zile spesa za plastiki za milimita 2, pakiti moja ni hela ndogo sana, nunua tu mwenyewe umpe. Safu ya juu ilibidi ikatwe sentimita mbili na ushee, upande uliokatwa tukauelekeza juu ukafichwa na kabati.

Soketi. Zima sakiti breka kwanza, sio suichi ya soketi, breka. Kifuniko kinafunguliwa, tailizi inachorwa kwa penseli, na kabla ya grainda fundi akatoboa vitundu kwenye kona nne za shimo, manake ufa unapenda kuanzia kwenye kona kali, ukikuta kitundu cha duara hauendelei. Kitu ambacho kinashangaza watu ni kwamba ukimaliza zile skrubu za kifuniko hazifiki tena, ukuta umeshanenepa kwa gundi na tailizi, kwahiyo nunua skrubu ndefu za size ileile mapema, usimwache fundi aning'inize soketi kwa kukaza juujuu, na hapo ni karibu na sinki.

Grauti, yaani ile ya kujazia maungio ya tailizi, usubiri mpaka kesho yake. Fundi aliniuliza kama ana simenti nyeupe imebaki kwenye kazi nyingine si tutumie hiyo, nikasema hapana, simenti nyeupe tupu inatoa vinyufa na ukisugua inatoka unga. Na rangi nikachukua kijivu. Dada yangu ana nyeupe kwake, ilikuwa inapendeza kweli siku ya kwanza, lakini sisi tunapika na manjano na nazi na tunakaanga kila siku, saa hizi pale nyuma ya jiko lake mistari ina rangi ya pilau. Kijivu hakina maneno. Unaipaka kwa mpira, unavuta kwa mshazari ili mpira usichimbe kwenye mistari, unasubiri ianze kukaza unafuta na sponji iliyokamuliwa sana, ikiwa na maji mengi inaosha grauti yote. Ukungu unaobaki juu ya tailizi unatoka kesho yake kwa kitambaa kikavu.

Ule mwanya wa chini juu ya kaunta usiweke grauti, weka silikoni, na kwenye kona mbili za ukuta vilevile. Kaunta na ukuta haviendi pamoja, kimoja kinabeba masufuria na kutwanga vitunguu saumu kila siku, grauti ikiwekwa hapo inapasuka na maji ya sinki yanapita yanakaa nyuma. Bandika tepu ya karatasi juu na chini ya mwanya, vuta silikoni, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, bandua karatasi kabla haijakauka.

Malipo, kazi ndogo hivi usiongee kwa skwea mita, haifiki hata mbili na fundi atakuona unamdharau, au atakubali afu aifanye haraka akawahi kwingine. Ongeeni kazi nzima, kupiga tindo ndani yake, soketi ndani yake, na useme mapema kabisa kwamba ukuta unaandaliwa kwanza. Tailizi nne zilizobaki ziko juu ya kabati zimefungwa kwenye boksi lake, jirani kashaniomba mbili za kuwekea sufuria la moto mezani nimemwambia hapana mama, hizo ni za fundi bomba, siku akija kupasua ukuta.