Kengele ya baiskeli kitandani kwa mama

Wale mnaosema nimemtupa mama kwa kumpeleka nyumba ya kulea wazee naomba mkae pembeni kwanza. Nyumbani Makorora, hapa Tanga, alikuwa anashinda peke yake, mimi kazini mke wangu kazini, na yale makazi ya serikali ya Mwanzange ni ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza, mama ana watu, tena wengi, kila mmoja na ushauri wake ndo balaa. Tukapata nyumba ya mtu binafsi inayolea wazee, jina silitaji. Mchana pako poa, uji kwa wakati, wale kina dada na shikamoo zao mpaka raha. Shida usiku. Dada wa zamu mmoja, chumba chake kule getini, na mama sauti hana. Anabanwa na mkojo, anaita wee, anachoka, anainuka mwenyewe. Kaanguka mlangoni mwa choo, Mungu kasaidia nyonga haikuvunjika ila kakaa pale sakafuni mpaka adhana ya alfajiri.

Ushauri sasa. Kaka wa Dar: weka kamera. Haya, kamera inionyeshe mama kaanguka saa nane usiku, itamwinua? Shangazi ndo kaniua kabisa, eti wamfunge kanga kiunoni asitoke kitandani. Nilikata simu. Mtu mzima ukimfunga atapambana ajitoe, na akitoka anatangulia kichwa. Hata vile vyuma vya pembeni, mzee aliyebanwa anavipanda, anaanguka kutoka juu zaidi.

Mimi mjanja nikanunua kengele ya mlango isiyo na waya, elfu ishirini na kitu, kitufe nikakibandika usawa wa mto, spika nikaichomeka kwa dada. Nikabonyeza, ikaimba ule wimbo wake wa ajabu, wazee wakacheka, nikarudi kifua mbele. Asubuhi napigiwa simu, mama kalowa. Umeme ulikatika usiku na spika inategemea soketi! Nikatafuta ya betri, hiyo nayo ikawa inalia yenyewe usiku wa manane hakuna aliyegusa, dada kaichoka, betri kazitoa kaziweka kwenye rimoti ya tivii. Nimezikuta kwa macho yangu.

Sasa niko Ngamiani naziba pancha, fundi anajaribu kengele ya baiskeli, kriiing, mtaa mzima ukageuka. Nikamwambia hiyo hiyo nipe. Elfu tatu sijui nne. Ila kile kikonyo kigumu kwa vidole vya mama vyenye baridi yabisi, basi fundi akalegeza springi, akaongezea kipande cha spoki kikawa kirefu, akakivisha mpira wa tyubu kisimchome, mama anasukuma kwa kiganja tu. Tumeifunga kwenye bomba la kitanda upande wa mkono wake wenye nguvu. Haitaki umeme wala betri.

Kengele bila wa kuisikia ni bure, kwa hiyo nikaongea na dada mwenyewe, bosi baadaye, godoro lake likahamia koridoni karibu na milango ya wazee, chandarua na feni nikanunua mimi, na hela ya chai kidogo, msiniulize kiasi. Nikaning'iniza daftari na kalamu: imelia saa ngapi, kafika saa ngapi, mzee alitaka nini. Dada akijua kuna mtu anasoma, mbona anawahi!

Na lile daftari ndo lilinishangaza, karibu kila mlio ni choo, tena katikati ya usiku. Nikampelekea daktari, kumbe dawa ya presha ile ya kukojosha wanampa jioni. Akaihamishia asubuhi (yeye daktari, msihamishe wenyewe), milio ikapungua sana. Na mama sasa anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda miguu chini, kizunguzungu kipite, ndo asimame. Zile kandambili zilizolika soli nilitupa bila kumuuliza, akanuna.

Ndugu wa wazee wengine wameiga, koridoni kriing kila mlango, kuna bibi anapiga kuuliza kama kahawa imeiva. Dada anaijua kila kengele kwa mlio wake. Mwenye nyumba analalamika kelele, na mimi bado namdai mtu wa pili wa zamu ya usiku. Fundi wa Ngamiani ukimwambia kengele ya kitanda hakuulizi tena, anachukua spoki.