Babu yangu amepandishwa cheo kaburini

Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo, imejaa, hilo niliambiwa mapema. Nyumba zimepanda milima mpaka kule tulikochunga mbuzi, na motari (dereva wa pikipiki) wa mtaa wa Nyawera anakudai bei ya mtu wa Ulaya kabla hujafungua mdomo. Nimekaa Liège, Ubelgiji, miaka mingi, hayo niliyategemea. Sikutegemea kaburi la babu huko Kabare.

Mnajua wazee wetu walivyozikwa: udongo, mawe machache, migomba kwa juu. Sasa amewekewa karo nyeupe, vile vigae vya sakafuni (pesa yangu hiyo, nilituma) na bamba lenye neno COLONEL. Nikacheka. Nikamuuliza binamu kama fundi alikosea. Akaniangalia kama mgeni: "Yaya, koko (ndiye babu) alikuwaka kolonel. Ni yeye alishika jenerali ya Waitaliano kule Saio." Watoto wakaitikia. Wanaijua hadithi hiyo kwa kichwa.

Jamani! Kwenye Force Publique, jeshi la Wabelgiji hapa Kongo enzi za ukoloni, ofisa alikuwa mzungu. Luteni, kapiteni, kolonel, wote Wabelgiji, na ikawa hivyo mpaka uhuru wa Juni 1960. Askari walipoasi siku chache baadaye, hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyowachoma. Babu alikuwa kaporali, basi. Chifu alitakiwa kutoa vijana, na yeye hakuwa na mtu wa kumtetea.

Mwenyewe alitusimulia vita hivyo vya pili vya dunia, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Walipita Sudani, wakaingia Abisinia, ndiyo Ethiopia, iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano. Machi 1941 wakachukua Asosa, kisha Gambela kwenye mto Baro. Halafu wakakwama chini ya mlima wa Saio, mvua inanyesha, chakula hakifiki, watu wanakufa kwa kuhara damu na beriberi. Jenerali Gazzera, Mwitaliano, alijisalimisha Julai, mbele ya jenerali Gilliaert, Mbelgiji. Siku hiyo babu alikuwa nyuma ya kichaka, suruali magotini. Alikuwa anacheka mpaka machozi akifika hapo.

Sehemu ambayo hakuicheka ni fimbo. Mgongo wake tuliuona sote akioga. Alichapwa na jeshi lake mwenyewe, si na Waitaliano. Kolonel hachapwi, kwa hiyo mgongo ule nao umefutwa. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa anamkanda siku za baridi, alijaribu kuusema kwenye kilio fulani, akaambiwa anyamaze asiaibishe ukoo. Mama mzee, anaambiwa na watoto aliowabeba mgongoni!

Kuna picha pia. Ilikuwa moja tu: babu na kofia nyekundu ya askari, miguu mitupu. Sasa ukutani kuna kolonel mwenye nyota mabegani na viatu vinavyong'aa, kazi ya kijana wa studio pale Kadutu, mjini. Nikaomba ile ya zamani. Eti mvua iliiharibu. Nimeangalia sura hiyo ya ukutani sana, hata shingo si yake.

Baadaye nikaelewa. Kuna kesi ya shamba na jirani, na mbele ya wazee neno la "familia ya kolonel" lina uzito. Jirani ni mjukuu wa mpagazi tu, wanasema. Mpagazi tu! Na sisi tulikuwa nani?

Mjini nako, Camp Saio, kambi ya jeshi, imepewa jina la vita hivyohivyo. Niliuliza vijana kwenye parking ya pikipiki "Saio" ni nini. Mmoja akajibu kwamba lazima ni mzungu fulani wa zamani. Mambo ya silaha za leo siyagusi, mnanielewa.

Ninyi mlio nje na mnataka kurudi kutafuta habari za wazee: anzeni na akina mama wazee, kabla binamu hawajajua mmefika. Picha ikiwa bado ipo, ipigeni picha siku hiyohiyo. Karatasi nyingi za koloni ziko Brussels, kwa hiyo mtu akiomba pesa ya "kufungua dosie" (faili) ya jeshi la kikoloni hapa Bukavu, mnunulieni bia aende zake. Na mkituma pesa ya kaburi, tumeni na maandishi.

Juzi binamu alinipigia: anaandaa sherehe ya kuzindua kaburi, ameshaalika wakubwa. Nikamwambia nitatoa mbuzi siku bamba litakapoandikwa KAPORALI. Akafikiri kidogo, akauliza kama ni mbuzi mmoja au wawili.