Tuliipa bahari mgongo: Bagamoyo hadi Msata kwa miguu

Mbio zetu zilianzia Bagamoyo zikaishia Msata, kilomita 64 za lami, na mwelekeo huo niliupigania tangu tulipoanza kupanga. Wenzangu wawili walitaka tuanzie Msata tushukie pwani, ili mwisho wa safari tukute bahari ya kuoga na samaki wa kukaanga. Kwa miguu iliyochoka hoja hiyo ina uzito. Yangu ilikuwa nyingine. Katika karne ya 19 watu waliotekwa huko bara waliletwa pwani kwa njia za misafara, minyororo mwilini na makongwa shingoni, wakavushwa hadi Unguja wakauzwa. Kwao Bagamoyo ndipo nchi ilipokatikia. Sikutaka kufuata nyayo zao kwa upande ule ule, kisha nifike ufukweni nirushe mikono juu kwa furaha. Kama ni kukimbia, basi tukimbilie kule walikotoka, ambako wengi wao hawakurudi tena. Nilipolisema hilo kikaoni, hakuna aliyebisha.

Njia yenyewe ni ndefu mno kuliko kipande chetu. Kutoka Bagamoyo ilipanda hadi Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 1,200. Tangu 2006 Tanzania imeiweka kwenye orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Haikuwa barabara moja. Yalikuwa mapito membamba ya watu kwenda mmoja nyuma ya mwingine, na yalihama mwaka hadi mwaka kukwepa ukame, njaa au vita. Kwa hiyo lami ya Msata hailali juu ya pito la zamani hatua kwa hatua. Misafara mingi, ikishavuka mto Ruvu, ilikata kuelekea Kikoka na Rosako. Tulichagua lami kwa sababu usiku inaonekana na bajaji inapita. Na Ruvu ni ule ule.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi cherehani, naishi Bunju. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani kijana wa kwetu hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili mpaka awe amekwenda pwani na mzigo akarudi. Nilikua nikidhani ni maneno ya kutusukuma tuchote maji bila kulalamika. Baadaye nikayakuta kwenye historia. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakuu wa njia hii, wengi wao watu huru waliokubaliana ujira kabla ya kuondoka. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, iwe nguo, shanga au nyaya za shaba za kupandisha bara, na pembe za ndovu za kushusha pwani. Waliondoka alfajiri kabla jua halijachoma, wakatembea mpaka karibu na adhuhuri, wakapiga kambi. Mbele alikwenda kilangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, na bendera ikapepea. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua kama miezi mitatu. Nikisikia mtu anasema mbio ndefu ni mchezo tulioletewa kutoka nje, nawakumbuka hao.

Yupo mmoja ambaye ningependa kila mwanafunzi wa Tanzania alijue jina lake: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru akarudi Unguja. Mwaka 1857 akaingia bara na wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, wakafika Ziwa Tanganyika. Akarudi tena na Speke na Grant kuanzia 1860, wakapita Nyanza, Ziwa Victoria, wakafuata Nile hadi Misri. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley katika safari ya kumtafuta mmisionari Livingstone Ujiji. Kisha, kati ya 1873 na 1875, akakata bara zima na Cameron, akitoka bahari hii hadi ile ya magharibi. Mtoto aliyeshushwa pwani kwa nguvu, akiwa mtu mzima alirudi bara kwa miguu yake mwenyewe, tena na tena. Wazungu aliowaongoza wana minara na barabara zenye majina yao. Yeye anastahili zaidi ya kutajwa pembeni mwa safari zao, na nasema hivi bila kupunguza sauti.

Sasa mbio. Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja tunayefanya naye mazoezi ufukweni Jumamosi, na binti wa jirani yangu ambaye ana mwendo kutuzidi sote. Shemeji yangu alitufuata na bajaji iliyobeba madumu ya maji, mihogo ya kuchemsha yenye chumvi, viazi vitamu, ndizi, kashata, na maji ya ndimu, sukari na chumvi. Polisi tuliwapa taarifa mapema. Tulivaa vizibao vya kung'aa na tochi za kichwani, kwa kuwa malori hupita barabara ile usiku kucha. Mapaja na vidole vya miguu tulipaka mafuta ya mgando, hilo nawasihi msilidharau. Tukakubaliana mwendo: dakika 25 kukimbia, 5 kutembea, toka hatua ya kwanza, hata pale mwili unapojiona una nguvu za ziada.

Kabla ya kuondoka tulisimama kwenye mnara wa kanisa la misheni. Hapo Februari 1874 ulilazwa mwili wa Livingstone. Susi, Chuma na wenzao waliutoa Chitambo, iliyo Zambia ya leo, wakaubeba kwa miezi tisa wakipita Tabora hadi wakaufikisha pwani. Binti wa jirani hakuwahi kusikia kwamba waliobeba walikuwa Waafrika wenzetu. Aliniuliza, "Shangazi, kwani walilipwa nini kwa kazi hiyo?" Nikamwambia tutaongea njiani. Tukaondoka saa nne usiku.

Tukapita Makofia, miguu ikiwa bado mibichi. Kwenye daraja la Ruvu tulisimama kunywa. Vitabu vya zamani huuita mto huu Kingani, na misafara iliuvuka kwa mitumbwi, mzigo baada ya mzigo, wakihofia mamba na viboko. Sisi tulikanyaga zege. Chini kulikuwa giza tupu na vyura, na ukungu wa mto ukatupoza jasho mpaka nikasisimka mwili. Nilifikiria waliouvuka mto huu wakija, wakiwa kwenye mnyororo, wakiambiwa kwamba maji makubwa zaidi yako mbele. Sikuweza kusema kitu. Dada alinishika bega tukaendelea.

Baada ya Fukayosi ndipo mbio zilipotuonyesha sura yake. Barabara inapanda na kushuka, si milima, ila miinuko isiyokwisha, na saa tisa usiku mwili unataka kitanda. Tumbo langu lilikataa kila kitu kitamu. Kashata nikairudisha, muhogo wenye chumvi ukapita. Binti akabanwa na misuli ya nyuma ya paja, akakaa chini katikati ya bega la barabara. Tukamnyosha mguu taratibu, akanywa yale maji ya ndimu, tukatembea naye zaidi ya zile dakika 5. Nikaimba wimbo wa kulima aliokuwa akiuimba bibi, kwa Kinyamwezi, nao wakaitikia kiitikio bila kujua maana yake. Wapagazi waliimba njiani, na usiku ule nilielewa sababu kwa magoti yangu: wimbo unaipa miguu kipimo wakati akili imechoka kuhesabu. Kilo 32 begani sikuwa nazo. Nilikuwa na kizibao na tochi tu, na tayari nilikuwa naomba kupambazuke.

Kulipambazuka tukiwa Kiwangwa, na Kiwangwa ni mananasi. Mama mmoja alikuwa anapanga yake kando ya barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi na majasho hayo?"

"Bagamoyo. Tunakwenda Msata."

"Kwa miguu! Na magari yote haya?"

Shemeji ndiye aliyemweleza habari za misafara, huku mama anatumenyea. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Na wanawake walikuwemo?" Walikuwemo. Wake za wapagazi walikwenda na misafara ya Wanyamwezi, wakibeba vyungu na chakula, mtoto mgongoni, na kambi ikipigwa ndio waliopika. Kwenye minyororo nako walikuwemo, wao na watoto wao. Mama alinyamaza kidogo akasema, "Basi kuleni, mfike." Tulimlipa, tukala nanasi na chumvi tumesimama. Sijawahi kula tunda tamu kama lile.

Kilomita za mwisho zilikuwa jua. Kabla ya saa mbili asubuhi lami ilikuwa imeanza kurudisha joto, na soli ya mguu wangu wa kushoto ilikuwa lengelenge moja kubwa. Tulikimbia vivuli tu, penye jua tukatembea. Binti alirudiwa na nguvu akatutangulia, anatusubiri kila kwenye mwinuko anapiga makofi. Tulifika njia panda ya Msata, barabara ya Chalinze na Segera ikiwa imejaa mabasi, saa tatu kasoro. Mwendo wa kama siku nne za msafara tulikuwa tumeumaliza kwa usiku na asubuhi, bila mzigo, bila njaa, bila mtu wa kutulazimisha. Tukakaa kwenye kibanda cha supu, na pale ndipo nilipomjibu binti swali lake: wapagazi wengi walipewa ujira na posho, walioletwa kwa minyororo hawakupewa chochote, na majina ya wengi wa makundi yote mawili hayakuandikwa popote.

Kipande ninachokitaka sasa ni cha Ugogo, Mpwapwa kwenda Kilimatinde. Misafara ilikiogopa kwa ukame, na kwa hongo waliyotozwa na watemi ili wapite na kuchota maji. Hakutakuwa na bajaji kila mahali, kwa hiyo nahitaji kujua visima viko wapi na pito la zamani wazee wanasema lilipita upande gani. Kama wewe ni wa Mpwapwa, Kilimatinde au vijiji vya katikati, na una babu au bibi anayekumbuka aliyosimuliwa, niandikie. Nitakuja kwanza kumsalimia na kumsikiliza, viatu vya kukimbilia vikiwa bado begani.