Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa lugha katika shule ya kimataifa, Lubumbashi, Kongo (DRC)

Saa 11 na nusu alfajiri. Umeme upo, kwa hiyo naanza na kompyuta, chai baadaye. Leo darasa la tano wana sayansi: kutenganisha michanganyiko. Nachapa kadi za maneno ya somo, kuchuja, kuyeyuka, kuvukiza, mabaki. Kila kadi ina neno la Kiingereza na picha, na chini kuna mstari mtupu. Hapo mtoto anaandika neno la kwao kwa hati ya kwao. Darasa hilo moja lina Kichina, Kigujarati, Kiarabu cha Lebanoni, Kibemba, Tshiluba, Lingala na Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiingereza. Kifaransa ni somo, na ndicho kinachosikika zaidi uwanjani.

Saa 12 na nusu. Teksi-basi kutoka Katuba hadi mjini, kisha nyingine. Imejaa kama kawaida.

Saa 1 na dakika 15. Nasimama langoni pamoja na Papa sentinele, mlinzi wetu. Mzazi asiyefika mkutanoni hapa lazima apite. Mama mmoja Mhindi ananivuta pembeni: kuna mtu amemshauri aache Kigujarati nyumbani ili binti yake ashike Kiingereza upesi. Namwambia aendelee na Kigujarati, tena aongeze hadithi. Mtoto aliyezoea kusimulia, kubisha na kuuliza kwa lugha moja anahamisha ujuzi huo kwenda nyingine. Mzazi akibaki na lugha asiyoimudu, maongezi ya nyumbani yanakuwa “kula”, “lala”, “fanya haraka”, na hapo mtoto anapoteza pande zote mbili.

Saa 2. Nakaa na mvulana wa Kichina aliyehamia kutoka Kolwezi. Darasani bado hajafungua mdomo. Mwalimu wake ana wasiwasi, namwelewa. Lakini wanaojifunza lugha mpya wengi hupitia kimya cha namna hii, na ndani ya kimya hicho wanasikiliza sana. Simlazimishi kusema. Anapanga kadi, anachora, anaandika Kichina kwenye daftari. Leo nimemweka na msichana wa Kichina aliyetangulia kufika. Wanabishana kwa Kichina: mchanga, chumvi na maji vikichanganyika, unaanza kuchuja au kuchemsha? Mwisho msichana anatoa jibu lao kwa Kiingereza, na ni jibu sahihi. Wenzangu wengine wanaogopa kwamba watoto wakiachiwa lugha yao watapiga soga tu. Mimi naangalia mikono yao. Haijatoka kwenye kadi.

Saa 3. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Kuna msichana wa Kikongomani, mtoto wa hapa hapa mjini. Uwanjani Kifaransa chake kinatiririka, Kiingereza chake kinachekesha wenzake kwa utani. Kwa sababu hiyo waliondoa jina lake kwenye orodha ya watoto wa kusaidiwa. Leo swali liko ubaoni: eleza kwa nini chumvi inabaki maji ya chumvi yakichemshwa. Ameandika: “Maji yamechemka. Chumvi ni nyeupe.” Sentensi mbili safi, na swali halijajibiwa.

Nachuchumaa kando ya dawati lake. “Niambie kwa Kiswahili, mama. Juu ya nini chumvi inabaki?”

Ananitazama kwanza, kama anahakikisha kwamba inaruhusiwa. Halafu: “Madamu, maji inapanda na moshi. Chumvi yenyewe haiwezi kupanda, haigeuke moshi kwa moto ile. Inabaki chini ya sufuria.”

Sayansi yote imo humo. Kinachomkosa ni Kiingereza cha kuunga sababu na matokeo, ile lugha ya vitabu ambayo hakuna anayeitumia wakati wa kuruka kamba. Nampa vianzio vitatu vya sentensi: kimoja cha sababu, kimoja cha matokeo, kimoja cha kulinganisha vitu viwili. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kengele ikilia ana mistari minne inayoeleza kweli.

Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitenganisha mambo haya mawili tangu 1979. Lugha ya maongezi mtoto huweza kuipata ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ya masomo huchukua miaka 5 hadi 7, na pengine zaidi. Mtoto wa kigeni tunamsubiri miaka hiyo bila kunung’unika. Wa Lubumbashi tunamdai kila kitu mara moja, eti lugha anazijua.

Saa 4 na nusu. Hesabu. Kwenye ubao kuna 3,500. Aliyetoka shule ya Kifaransa anasoma tatu na nusu, kwa sababu kwao mkato ndio unaotenga desimali. Aliyetoka Zambia anasoma elfu tatu na mia tano. Wachina wanahesabu namba kubwa kwa mafungu ya elfu kumi, kwa hiyo laki na milioni zinawachelewesha. Dakika tano za kuweka namna zote ubaoni zinaokoa saa nzima ya “umekosea”.

Saa 6 na nusu. Bukari (ugali), sombe (kisamvu) na fretini (samaki wadogo). Nakula haraka.

Saa 9 alasiri. Kikao cha orodha. Naomba yule msichana wa chumvi arudishwe, asaidiwe kupitia Kiswahili chake. Mwenzangu mmoja anasema Kiswahili ni cha barabarani, atakipata huko. Ningeweza kumjibu kwamba Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, na kwamba sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia. Badala yake nafungua daftari: sentensi mbili za mwanzo, mistari minne ya mwisho, siku moja. Linazunguka mezani mkono kwa mkono. Wanakubali apate vipindi viwili kwa wiki mpaka mtihani wa mwisho wa muhula. Nilitaka zaidi, ila nimevichukua.

Saa 10. Baba wa mtoto mwingine. Kwenye fomu, lugha ya nyumbani ameandika Kifaransa pekee. Wazazi wengi wa hapa wanaandika hivyo, wakidhani shule ndicho inachotaka kusoma.

“Papa, bibi yake akimgombeza, anamgombeza kwa lugha gani?”

Anacheka. “Tshiluba, Madamu! Na mama yake kwa Kiswahili.”

“Na wewe ukimsaidia hesabu?”

“Kiswahili pia. Kifaransa ni wakati wageni wako.”

Namweleza kwamba kwa kujua hivyo naweza kumpanga mtoto na mwenzake wa Tshiluba, na kumwachia aandike mawazo ya kwanza ya insha kwa Kiswahili kabla ya kuyavusha. Anarudisha fomu kwake, anauliza aandike nini sasa. “Zote, Papa.” Nafasi haitoshi, Tshiluba inaishia pembeni mwa karatasi.

Saa 1 usiku. Nyumbani, umeme umekatika, simu ina chaji ya kutosha. Naandika rasimu ya fomu mpya kwa ajili ya mkurugenzi. Badala ya “lugha ya nyumbani” naweka maswali matatu: nani anaongea na mtoto lugha gani, anahesabu kwa lugha gani, na anaweza kusoma kwa lugha zipi. Mistari naiacha mirefu.