Mbaazi, sufuria na kifua changu

Vipuli vya bei rahisi vilinishinda tangu usichana: sikio likivimba na kutoka maji, navua. Lakini mafua yasiyoisha na kifua kupiga mluzi usiku sikuwahi kuyahusisha na madini ya vipuli. Hapa Lamu kuna mengi ya kusingizia: paka, vumbi la punda, unyevu wa kusi. Dawa za aleji zilinipoza nusu tu.

Daktari wa ngozi kule Mombasa alinibandika plasta za kupimia mgongoni, zikakaa saa 48 bila kutiwa maji (kwa joto la kaskazi, we acha!). Palipokuwa na nikeli, madini yanayopatikana sana kwenye vipuli vya bei rahisi, pakatutumka vipele vyekundu. Akanieleza kuwa nikeli imo hata kwenye chakula, na kwa baadhi ya wenye aleji hii inayoliwa huamsha ngozi au tumbo, na kwa wachache hata pua na kifua. Hakuniapia kuwa ndiyo sababu. Alisema tujaribu kuepuka vyakula vyenye nikeli nyingi kwa majuma kadhaa, tuone.

Orodha ilinikata maini: jamii zote za kunde, korosho, njugu, kakao, soya, vyakula vya kopo. Yaani mahamri bila mbaazi! Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, mbaazi zimemuua nani?" Nikamjibu, "Mama, hebu tujaribu tu," nikala mahamri kwa mayai. Mchana wali mweupe na changu wa kuchoma.

Sufuria ndizo zilizonishangaza zaidi. Stenlesi ina nikeli, na ukwaju au nyanya zikichemka humo kwa muda mrefu huitoa ikaingia mchuzini. Chungu cha udongo kilichokuwa pambo barazani kikarudi mekoni, na mchuzi, wallahi, ukawa mtamu zaidi.

Pia nilipimwa damu, madini ya chuma yakawa chini. Mwili ukipungukiwa na chuma hufyonza nikeli zaidi, kwa hiyo nikapewa vidonge. Vitamini C nayo hupunguza ufyonzaji, basi msimu wa maembe nakula nikinuia dawa.

Pua ilitangulia kufunguka. Kifua kikafuata polepole. Tuliporudisha vyakula kimoja kimoja, korosho zilinirudishia mluzi usiku uleule, ila mbaazi kidogo zikapita salama. Sasa nazila Ijumaa, upawa mmoja, na embe pembeni. Inhela bado iko mkobani. Daktari hajaniruhusu kuiacha, wala sina haraka.